Pudini ya chokleti ya avokado, tende na kasimele (adui yako ni maji)

Naanza na aibu yangu kabisa ndo tuelewane. Mara ya kwanza nilipoifanya hii pudini ilikuwa Ramadhani, nkaitoa baada ya tarawehe, wageni wamekaa, mimi najiona fundi kweli kweli. Khala yangu akachota kijiko, akakiinua juu hivi, ikachuruzika yote ikarudi bakulini. Akaniangalia kwa upole, akauliza, "Mamangu, hii ni ya kula ama ya kunywa?" Bas, watu wakacheka mpaka daku.

Tangu siku hiyo nimeifanya mara nyingi sana na nimeiharibu mara nyingi pia, na kila ikiharibika nikitafuta kosa narudi pale pale: maji. Tui lilikuwa jepesi, ama tende sikuzikamua, ama avokado lilikuwa la maji maji, ama mvuke umedondoka kutoka kwa kifuniko. Kwa hivyo ukisoma huu mwongozo wote utaona nagombana na maji kuanzia sokoni mpaka mezani, usishangae.

Hii pudini haina maziwa, haina mayai, haina siagi, haina jelatini, na sukari ya kuongeza pia haina. Mimi nilianza kuitafuta kwa sababu dadangu maziwa yanamchafua tumbo na kila tukiwa na shughuli yeye anabaki kula matunda huku wenzake wanakula keki. Sasa hata wanaokunywa maziwa wanaigombania hii.

Vitu vyenyewe ni hivi, na vinatoa kama finjani kumi na mbili za kahawa ama vikombe sita vya kawaida visivyojaa sana: avokado mbili kubwa zilizoiva (nyama yake kama gramu 400), tende laini kumi na mbili mpaka kumi na nne, kakao nusu kikombe, nazi mbili za kutoa kasimele (lile tui zito la kwanza) nusu kikombe, kahawa chungu ya moto vijiko vitatu vya mezani, iliki punje tatu, mdalasini kidogo tu, chumvi ya kushika kwa vidole viwili, na ndimu nusu. Vyote utavipata kwa masoko yetu ya Mombasa, Marikiti na Kongowea, labda kakao ndo utaingia supamaketi.

Tuanze na kakao manake hapo ndo watu wengi hupotea. Ile ya kunywa, ya kukoroga na maziwa asubuhi, siyo. Geuza kopo usome nyuma, viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi, na ukiona sukari ndo ya kwanza ujue unanunua sukari iliyopakwa kakao, na nyingine zina unga wa maziwa juu yake. Unataka kopo ambalo kiungo ni kimoja, kakao, basi. Utaona rangi zinatofautiana, nyingine ni hudhurungi hafifu na ina ukali kidogo kwenye ulimi, nyingine ni nyeusi nyeusi na laini. Ile nyeusi imepitishwa kwa alkali, njia iliyoanzishwa Uholanzi na Coenraad van Houten karne ya 19, na mara nyingi kwenye kopo utaona E500 ama E501, hizo ni namba za hiyo alkali, zisikutishe. Zote mbili zinafanya kazi hapa. Ile hafifu imebaki na zile flavanoli nyingi zaidi ambazo watu husifia kakao kwa ajili yake, manake alkali huzipunguza, lakini ladha ya ile nyeusi ndo watoto wanaita "chokleti kweli". Mimi huchanganya nusu kwa nusu nikiwa nazo zote, nisipokuwa nazo natumia iliyoko.

Na kama ulikuwa unafikiria kuyeyusha chokleti ya kipande badala ya kakao, unaweza, lakini soma karatasi vizuri, hata zile zilizoandikwa nyeusi kuna nyingi zina maziwa ndani.

Avokado sasa. Bibi yangu alikuwa akiyaita mapea na alikuwa akiyala na sukari, kwa hivyo wazo la avokado kuwa tamu si geni kwetu kama watu wanavyodhani. Chukua Hass, yale yenye ngozi ya mabonge mabonge inayogeuka nyeusi ikiiva, manake yana mafuta mengi na maji kidogo. Yale makubwa ya kienyeji, yenye ngozi laini ya kijani, ni matamu na chumvi na chapati lakini mengi yana maji na mengine yana nyuzi, ukitia kwa pudini utaipata ile ya khala yangu. Likiwa limeiva litabonyea kidogo karibu na kikonyo. Ng'oa kile kikonyo, chini yake pakiwa kijani sawa, pakiwa pameungua rangi ya kahawia lirudishe pole pole na umwambie muuzaji asante. Kuna yale yamechumwa machanga, hayo hayaivi, yanakunjamana tu kama mpira, ukiona ngozi imenywea na ndani ni gumu usilazimishe.

Tende ni rahisi kama utanunua zile laini za boksi. Zile kavu za kupima pia zinafaa, ila ziloweke kwa maji moto dakika ishirini hadi thelathini mpaka zilainike, afu, na hapa nisikilize, ZIKAMUE. Zishike mkononi uzikamue kama unakamua nguo, yale maji yanywe mwenyewe ama weka kwa uji wa mtoto, lakini kwa pudini yasiingie. Fungua kila tende moja moja kwa kidole, utoe kokwa na uangalie ndani manake kuna zinazokuwa na vidudu na huwezi kujua ukiangalia kwa nje. Mimi siku moja nlikuwa na haraka nikaamini tende za boksi lililoandikwa zimetolewa kokwa, kokwa moja likabaki, blenda ikapiga kelele kama bajaji iliyopata panchari na jagi likapata ufa. Sasa nafungua zote hata kama boksi limeapa.

Haya, kasimele. Hapa ndo naomba tukae kidogo kwa sababu ndo roho ya pudini yote.

Nazi iwe kavu, ukiitikisa sikioni maji yachezecheze ndani. Koroma usipoteze pesa, halina tui la maana. Ukishaivunja, onja kipande kabla hujakuna, ikiwa na ladha ya sabuni ama ya mafuta yaliyoharibika itupe, chokleti haitaficha. Ikune kwa mbuzi, ukikaribia kifuu simama, ile ngozi ya kahawia usiikwangue sana, inaleta ukakasi. Kama hujui kukuna ama mgongo unauma, pale sokoni kuna wanaokuna kwa mashine kwa pesa kidogo, ila ukishakuniwa nenda nyumbani moja kwa moja, usipitie kwa jirani kupiga soga, nazi iliyokunwa kwa joto letu haichukui muda kuchacha.

Sasa kawaida ya tui la wali tunatia maji kikombe kizima tunakamua. Hapa tia maji ya uvuguvugu robo kikombe tu kwa nazi zote mbili. Najua utaona ni kidogo, mkono utataka kuongeza, uzuie. Fikicha nazi na hayo maji kwa vidole kama dakika tatu nne hivi mpaka uone mkono umekuwa mweupe na una mafuta, ukiusugua dole gumba kwenye kiganja linateleza. Hapo ndo uweke kwa kifumbu, ama kitambaa chepesi kisafi kama huna kifumbu, na ukamue kwa nguvu zako zote. Litatoka tui zito linalodondoka pole pole kwa matone mazito, halitiririki. Hilo ndo kasimele. Machicha usitupe, tutayarudia, na ukitaka unaweza kuyatia maji ukatoa tui la pili ukapikie maharage ama mchuzi.

Halijaisha. Litie hilo kasimele kwa gilasi nyembamba ndefu, funika, weka kwa friji saa mbili tatu. Ukilitoa utaona limejigawa, juu kuna tabaka nene jeupe kama malai na chini kuna maji ya kijivu. Chota la juu tu. Nusu kikombe ndo tunataka, likipungua kidogo si neno. Yale maji ya chini tia kwa mchuzi. Hiki kitendo kimoja cha kusubiri saa mbili ndo kiliitoa pudini yangu kwa uji ikawa pudini, wallahi.

Na sababu ni hii. Mafuta ya nazi hugandia chini ya nyuzi 24 hivi. Hapa kwetu chupa ya mafuta ya nazi huwa maji mwaka mzima isipokuwa labda asubuhi za Julai, watu wa Nairobi wakituma picha za mafuta yao meupe yaliyoganda sisi tunacheka. Kwa hivyo ndani ya friji yale mafuta ya kasimele yanakaza na kuishika pudini, na nje ya friji yanaachilia. Ukiwa na maji mengi kuliko mafuta hakuna cha kukaza.

Anayetumia tui la pakiti ama la mkebe sawa, silaumu mtu, weka mkebe kwa friji usiku kucha bila kuutikisa na uchote la juu. Lile la unga liangalie vizuri, mengi yametiwa kaseinati, na hiyo ni protini ya maziwa, kwa mtu kama dadangu hapo ndo umemuumiza na unafikiri umemhurumia.

Sasa kupika, ingawa kupika kwenyewe ni kuchanganya.

Kwanza iamshe kakao. Tia ile nusu kikombe kwa bakuli, ichekeche isiwe na mabonge, umwagie kahawa ya moto vijiko vitatu na ukoroge na kijiko mpaka iwe uji mzito mweusi unaong'aa kama lami ya barabara iliyowekwa leo. Mara ya kwanza itakataa, itakuwa makavu na utafikiri haitoshi, endelea kusaga na mgongo wa kijiko pembeni ya bakuli, itakubali. Iache dakika tano. Harufu utakayoisikia hapo siyo ile ya kopo, maji moto ndo yanafungua kakao, na ukiitia kavu kwa blenda utabaki na unga unga kwenye ulimi na nusu ya ladha imelala. Haya ndo maji pekee ninayoyaruhusu kwenye hii pudini, na kakao inayanywa yote.

Kahawa gani? Mimi hutumia kahawa chungu ya yule mzee anayepita jioni na dele lake na vikombe vikigongana mkononi, namchukulia finjani moja, vijiko vitatu nakata kwa kakao, kilichobaki changu. Yake inakuwa na tangawizi kidogo na inapendeza. Haitaonja kahawa, inaifanya chokleti iwe nzito zaidi, kama vile chumvi inavyofanya kwa mchuzi. Kama unawafanyia watoto ama hutaki kahawa, tumia maji moto vijiko hivyo hivyo vitatu.

Pili, tia tende zako kwa blenda pamoja na kasimele na usage mpaka zilainike kabisa, simamisha kila mara ukwangue pembeni, usiwe na haraka, manake tende ikibaki na vipande sasa hivi haitasagika tena baadaye. Kama kasimele limeganda sana kutoka kwa friji liache nje dakika kumi kwanza. Usilipashe moto likachemka, tui likikatika mafuta yanakimbilia juu na pudini itakuwa na vipele vipele, hilo hakuna dawa.

Tatu, tia ule uji wa kakao, iliki uliyotwanga sasa hivi (siyo ya unga iliyokaa kabatini tangu Idi), mdalasini, chumvi. Zungusha. Onja. Wakati huu itakuwa kali na chungu kuliko unavyotaka, ni sawa, avokado litaipooza.

Nne, avokado na ndimu ya matone matone, kijiko kimoja cha chai hivi, manake avokado likikatwa huanza kugeuka rangi, na pia ndimu inaamsha ladha. Saga mpaka iwe laini bila hata doa la kijani, dakika moja na nusu au mbili, halafu uwache. Ukisaga sana blenda inapata joto na joto linaingia kwa pudini, na joto ndo mama yake maji.

Vanila utaona sijaitaja. Ile halisi ya maji hutolewa kwa pombe na nyumba nyingi za hapa hawataki kuisikia, na kwa kweli iliki ishafanya kazi yote. Anayetaka vanila atafute ya unga.

Sasa onja tena. Utasikia avokado, kidogo, kama jani. Watu wengi hapa huingiwa na hofu wanamwaga asali ama sukari. Tulia. Ikishakaa friji saa nne ile harufu inapotea na kakao inapanda juu, mimi mwenyewe sikuamini mpaka nikaonja asubuhi yake. Kama ni chungu kweli kweli ongeza tende mbili zilizopondwa, usiongeze kitu cha maji maji. Na asali sina ugomvi nayo, ila wale wasiokula chochote cha mnyama wengi asali pia hawali, kwa hivyo uliza kabla.

Kama huna blenda ama stima imepotea, na inapotea, tende zitwange kwa kinu mpaka ziwe donge, avokado lipitishe kwa chujio la waya ukilikandamiza na kijiko, halafu uchanganye vyote kwa mwiko. Mkono utachoka. Inatoka nzito zaidi na mimi naona ni tamu zaidi, lakini sitasema hilo mbele ya dadangu maana ataniambia nifanye hivyo kila siku.

Mimina kwa finjani za kahawa. Kwa nini finjani? Kwanza zinapendeza, kila nyumba ina seti iliyokaa kabatini inasubiri wageni. Pili ni kipimo. Hii ni pudini yenye afya lakini si dawa, na hapa nataka kusema ukweli kwa sababu watu wakisikia "haina sukari" wanakula bakuli. Tende zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari, ya matunda lakini ni sukari, na mwenye kisukari lazima aihesabu na asidanganyike na jina. Kasimele lina mafuta mengi yale ya kuganda. Faida yake ni kwamba unapata nyuzinyuzi kutoka kwa avokado, tende na kakao vyote vitatu, unapata potasiamu, na unashiba haraka, finjani moja mbili inatosha, tofauti na keki ambayo unakula vipande vitatu na bado unaangalia sahani. Kwa baba yangu ambaye anapima sukari mimi hufanya yake na tende sita tu, kakao vijiko vinne badala ya nusu kikombe, na anakula finjani moja baada ya chakula, siyo tumbo tupu.

Funika na sahani, lakini kabla ya sahani tandika karatasi ya jikoni juu ya finjani bila kugusa pudini. Pudini ina joto kidogo ikiingia friji, mvuke unapanda, unagonga sahani, unadondoka tena, na kesho unakuta vidimbwi juu. Karatasi inayanywa hayo maji. Kidogo tu lakini nilitumia miezi kugundua.

Saa nne ndo kiwango, usiku mzima ni bora. Stima ikikatika usifungue friji kuangalia kama imeganda, friji iliyofungwa hushikilia baridi kama saa nne, ukifungua kila dakika tano unaitoa yote. Kwa friji inakaa siku mbili, ya tatu naila mimi mwenyewe simpi mgeni. Tui likianza kuchacha utalisikia kwa pua kabla ya ulimi.

Juu unaweka nini? Rudi kwa yale machicha. Yakaushe kwa kikaango bila mafuta, moto mdogo, unageuza geuza bila kuondoka, kama dakika nane hivi mpaka yawe rangi ya mchanga wa ufuoni na harufu ya kashata ijae jikoni. Yakipoa yanakuwa makavu na ya kukwaruza, na pudini ni laini, zinapokutana mdomoni ndo utamu. Nyunyiza wakati wa kula, siyo mapema, yakilala juu ya pudini yanalainika. Korosho za Kilifi zilizokaangwa na kupondwa pia ni nzuri sana. Msimu wa embe, vipande vya ngowe, lakini yapanguse maji na kitambaa kwanza (ee, bado nagombana na maji).

Ikikushinda ikawa nyepesi, usiimwage. Tia kijiko kimoja cha kakao kilichochekechwa, koroga, weka friza saa moja, afu irudishe friji. Bado nyepesi? Basi imekuwa ashkrimu, kubali matokeo. Imimine kwa vikombe vidogo, chomeka vijiti, igandishe usiku. Zamani tungefunga kwa vile vimifuko tunanyonya kutoka kwa pembe, lakini tangu marufuku ya mifuko ya plastiki 2017 vikombe ndo njia nzuri. Hii ya kuganda watoto wa mtaa wetu wanaipenda kuliko pudini yenyewe, na khala yangu anasema tangu mwanzo ilikuwa ashkrimu ila sikujua.

Jambo moja kwa watu wa Mji wa Kale na popote paka wanapoingia jikoni kama wapangaji. Usiache bakuli wazi wala kumpa paka alambe kijiko, kakao ina theobromini, na paka na mbwa miili yao hawawezi kuiondoa kama sisi, inawadhuru vibaya. Kakao ya unga ndo kali kuliko hata chokleti ya kipande. Mbwa ndo mlafi wa vitamu zaidi, lakini paka wetu hawa mimi siwaamini, wanalamba mpaka mwiko wa pilau.

Kuisafirisha. Mezani kwa joto la Machi, nyuzi 32, 33, una kama dakika ishirini kabla haijaanza kulegea, kwa hivyo itoe friji wakati watu wameshanawa mikono, siyo wakati unapakua wali. Na ukiwa unaipeleka kwa mtu ng'ambo ya Likoni, usiibebe ikiwa ya friji tu hata kama umeifunga vizuri. Pale kwa feri kuna siku unavuka mara moja na kuna siku unasimama na umati jua linakupiga kichwani, na huwezi kujua leo ni siku gani. Igandishe friza tangu usiku, ifungie kwa kitambaa kizito ndani ya ndoo yenye kifuniko, na chupa mbili za maji yaliyoganda pembeni. Itakuwa inayeyuka pole pole njiani, na ukifika kwa dadako itakuwa imefika pale pale inapotakiwa kuwa.